Sifa za Fisi: Istilahi za Lugha na Mtoto wa Shule ya Msingi

Ubaoni pameandikwa sentensi moja: "Mtoto mdogo analia." Darasa zima, watoto wa miaka minane na tisa, limetoka kuimba kwa sauti moja kwamba kivumishi ni neno linalotoa taarifa zaidi kuhusu nomino. Mwalimu anauliza: kivumishi hapa ni kipi? Mvulana wa dawati la tatu anasimama na kujibu, "Analia." Wenzake wanacheka. Mwalimu anamwambia akae, anamwita mwingine.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa siku hiyo, na jibu lile halijanitoka kichwani. Ukiichukua fasili waliyoikariri kama ilivyo, mvulana yule hakukosea. Kulia si taarifa kuhusu mtoto? Tena ni taarifa nzito kuliko udogo wake. Waliosema "mdogo" huenda hawakuifikiria fasili hata kidogo. Wamezoea tu kuona kivumishi kikikaa mara baada ya nomino, wakanyooshea kidole pale pale. Yeye aliisikiliza, akaitumia, ikamwangusha.

Hapo ndipo unapoanza mjadala ambao walimu wa lugha wamekuwa nao kwa miaka mingi. Je, mtoto wa shule ya msingi afundishwe istilahi za somo la lugha: nomino, kitenzi, kiima, mhusika, dhamira, tashbihi? Au aachwe asome na kuandika kwa wingi, majina hayo ayakute mbele ya safari akili ikiwa imekomaa?

Wanaotaka zifundishwe mapema wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Mwalimu na mwanafunzi wanahitaji lugha ya kuzungumzia lugha. Fundi hawezi kumfunza kijana kazi kwa kumwambia kila mara "nipe kile kitu". Itafika siku atalazimika kusema nyundo ni nyundo na patasi ni patasi. Mtoto akiandika ukurasa mzima wenye "akaenda, akaona, akakimbia, akaanguka", mwalimu asiye na neno la kutumia ataishia kuandika kwa wino mwekundu "boresha kazi yako", na mtoto hatajua aboreshe nini. Lakini kama wote wawili wanajua kielezi ni nini, mwalimu anaweza kusema, "Vitenzi vyako vinne havina kielezi hata kimoja, nionyeshe alivyokimbia." Hiyo ni kazi anayoweza kuifanya leo.

Kuna hoja nyingine, nayo ni ya haki. Lugha ya darasani haifanani na lugha ya mchezoni. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alizitenganisha lugha hizi mbili mwaka 1979. Akichunguza watoto wanaosoma kwa lugha ya pili, aliona kwamba mtoto huweza kuzungumza na wenzake vizuri ndani ya miaka ipatayo 2, lakini kuifikia lugha ya kitaaluma ya wenzake humchukua kati ya miaka 5 na 7. Anayemsikia mtoto huyo akiongea na kucheka hudhani ameshafika, kumbe safari bado ndefu. Sasa ukisema istilahi zisifundishwe waziwazi, nani atazipata? Atazipata yule ambaye nyumbani kuna vitabu na mzazi anayemuuliza, "Mhusika gani umempenda?" Mwingine atakutana nazo siku ya mtihani. Huko ni kumwacha mtoto mlangoni bila kumwambia mlango unafunguliwaje.

Upande wa pili nao hauongei hewani. Nchini Uingereza (namaanisha England yenyewe, si Scotland wala Wales), tangu mwaka 2013 watoto wa miaka 10 na 11 wanaomaliza shule ya msingi hufanya mtihani maalumu wa sarufi, alama za uandishi na tahajia. Watoto wadogo wakajikuta wakifunzwa istilahi ambazo wazazi wao, watu waliosoma na wanaoandika kila siku, hawakuwahi kuzisikia. Mwezi Mei 2016 Nick Gibb, aliyekuwa waziri wa shule na mtetezi wa mageuzi hayo, aliulizwa redioni kama neno fulani katika sentensi ni kihusishi au ni kiunganishi. Alijibu kihusishi. Lilikuwa kiunganishi. Sikileti kisa hiki ili kumcheka, kwa kuwa kosa lake linaeleweka kabisa: neno lile huwa hiki au kile kutegemea linafuatwa na nini. Sisi nasi tunayo ya namna hiyo. "Mtoto huyu amekuja": huyu ni kivumishi. "Huyu amekuja": huyu ni kiwakilishi. Herufi ni zile zile, maana karibu ni ile ile, jina limebadilika. Kama mtu mzima aliyesimamia elimu alijikwaa hapo, tuna sababu gani ya kumpima nalo mtoto wa miaka 10?

Utafiti nao unawapa nguvu wenye shaka. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin, watafiti wa Marekani, waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi za ufundishaji wa uandishi, kuanzia darasa la 4 hadi la 12. Kufundisha sarufi kama somo la pekee, majina na kanuni, hakukuinua uandishi. Matokeo yalielekea hata kushuka. Vilivyoinua ni vingine: kufundisha hatua za kupanga na kurekebisha kazi, kufundisha kufupisha matini, kuwazoeza watoto kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi pana. Na mwaka 2022 watafiti wa vyuo vikuu vya London na York walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa miaka 6 na 7: programu ya sarufi waliyofundishwa haikuonyesha tofauti ya maana katika hadithi walizoandika.

Lakini ushahidi huu usibebeshwe mzigo usiouweza. Debra Myhill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walijaribu njia nyingine na wanafunzi wa miaka 12 na 13: sarufi ilifundishwa ndani ya somo la uandishi, kila istilahi ikija pale inapohitajika kuonyesha mwandishi amefanya nini na kwa nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha uandishi umepanda, ingawa walionufaika zaidi ni wale waliokuwa tayari waandishi wazuri. Kwa hiyo istilahi inaweza kusaidia. Inategemea imeingia darasani kwa mlango gani na imemkuta mtoto wa umri gani.

Mimi naona mjadala huu unakwama kwa sababu pande zote mbili zinayaweka maneno yote katika kapu moja. Ukikaa na watoto na daftari zao, unaona istilahi hazimsumbui mtoto kwa namna moja.

Kuna zile zinazojieleza zenyewe, na hapa Kiswahili kimetupa utajiri ambao tunaupita bila kuugusa. Kitenzi kinatokana na kutenda. Kiunganishi kinaunganisha. Kiwakilishi kinawakilisha. Kielezi kinaeleza. Hata kivumishi kina kuvumisha ndani yake: mtu akivumishwa, habari zake zimeenea. Mtoto anayejua kwamba kifuniko hufunika na kifungo hufunga anaweza kuambiwa, "Haya, kiunganishi kinafanya nini?" akajibu mwenyewe bila fasili yoyote. Nimeona madarasa mengi ambamo mwalimu anaandika fasili ya mistari miwili ubaoni, watoto wanainakili, na hakuna aliyewaambia wasikilize neno lenyewe linasema nini. Tashbihi, sitiari na tashihisi hazina mlango huo; zimetoka mbali na mtoto hana cha kushika ndani yake. Lakini kitu chenyewe anacho. Aliyejikwaa akasema "jiwe hili baya limenipiga" ameshafanya tashihisi, yaani amekipa kisicho na uhai matendo ya mtu. Mpe kwanza kitu, mfanye acheze nacho, jina lifuate.

Kundi linalonisumbua zaidi ni la maneno yenye maisha mawili. Mtoto anayajua, au anadhani anayajua, kwa sababu anayatumia nyumbani kwa maana nyingine. Nafsi ni roho yake, halafu anaambiwa kuna nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mizani ni ya kupimia, kina ni cha maji. Akifika kwenye shairi anaambiwa ahesabu mizani na ataje vina. Dhamira ni nia ya mtu, sasa hadithi nayo ina dhamira. Mwalimu hashtuki, kwa kuwa mtoto hakuuliza. Na mtoto hakuuliza kwa kuwa neno si geni.

Mfano ulionifungua macho ni sifa. Binti mmoja wa darasa la nne aliulizwa: "Andika sifa mbili za fisi katika hadithi uliyosoma." Aliandika: "Fisi ana nguvu. Fisi anajua njia." Hadithi yenyewe ilihusu ulafi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimuuliza kwa mdomo, "Hebu niambie, fisi huyu ni wa namna gani?" Akajibu hapo hapo: "Mlafi! Halafu mjinga, anadanganywa na kila mtu." Nikamuuliza mbona hakuandika hivyo. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Hizo si sifa. Hizo ni mbaya."

Alikuwa ameielewa hadithi yote. Alijua anachokijua kuhusu mhusika, hata neno lenyewe alilijua, kwa maana ya kumsifu mtu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba katika somo hili sifa huwa nzuri na huwa mbaya. Maelezo hayo hayachukui dakika mbili, lakini alama zake zilikuwa zimeshakwenda, na kwenye ripoti ingeandikwa kwamba ufahamu wake ni dhaifu.

Halafu kuna maneno ya kuamuru: linganisha, tofautisha, bainisha, fafanua, thibitisha, fupisha. Ni machache, pengine hayafiki ishirini, na hayakai kwenye somo la lugha peke yake. Mtoto atayakuta kwenye sayansi, kwenye historia, kila mahali. Isabel Beck na Margaret McKeown, watafiti wa Marekani waliogawa msamiati katika ngazi tatu, waliiweka ngazi ya pili mahali pa heshima kwa sababu kama hii: ni maneno ya watu wazima waliosoma, yanayopita katika masomo yote, nayo ndiyo yanayolipa zaidi muda wa mwalimu. Ngazi ya tatu ni istilahi za fani moja. Ratiba zetu mara nyingi hufanya kinyume. Kivumishi hupewa wiki nzima. Bainisha haifundishwi hata siku moja, inachukuliwa kuwa inajulikana.

Mtoto akiambiwa "fupisha habari hii", mara nyingi hunakili sentensi tatu za kwanza na kuweka nukta. Ameifupisha kweli, habari ilikuwa ndefu, sasa ni fupi. Hajaonyeshwa kwamba kufupisha hapa ni kuchagua kilicho kikubwa na kuacha kidogo. Na kumbuka, kufundisha kufupisha ni miongoni mwa mambo ambayo Graham na Perin waliyaona yakiinua uandishi.

Kwa hiyo nikiulizwa nasimama wapi: katika madarasa ya chini ningepunguza majina sana, yabaki yale ambayo mwalimu atayatumia wiki ile ile kuzungumzia kazi ya mtoto. Maneno ya kuamuru ningeyafundisha mapema, kwa kuyatenda mbele ya darasa. Yale yenye maisha mawili ningeyataja waziwazi kila yanapoingia: nyumbani lina maana hii, hapa lina maana hii.

Najua pingamizi litakalokuja. Ukichelewesha majina, yatarundikana madarasa ya juu, na mwalimu wa huko ndiye atakayelia. Ni kweli kwa kiasi. Ila mtoto anayejua kwa vitendo kubadilisha "mdogo" kuwa "wadogo", "kidogo" na "padogo" kulingana na nomino, atalipokea neno ngeli kama jina la kitu alichokwisha kukishika. Pingamizi zito zaidi ni la ukubwa wa darasa. Mwalimu mwenye watoto sabini huimbisha fasili kwa sababu kuimba ndiyo njia pekee ya wote sabini kufungua mdomo ndani ya kipindi kimoja. Simlaumu. Na vitabu havimsaidii: hiki kinaandika jina, kile nomino, hiki kisifa, kile kivumishi, hiki yambwa, kile shamirisho. Mtoto akihama kitabu anadhani ameanza somo jipya. Hilo linaweza kurekebishwa na waandishi na wahariri bila kumwongezea mwalimu mzigo wowote.

Hata hivyo mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Mtihani ukisema "Taja aina ya neno lililopigiwa mstari", fasili zitaimbwa mpaka kesho. Lakini fikiria swali hili mahali pake: "Mbwa alitoka nje. Andika sentensi hii upya, uongeze kivumishi kimoja kitakachomfanya msomaji aogope." Aliyeelewa ataandika mkali, au mkubwa, au mwenda wazimu mmoja ataandika mweusi na mtabishana kwa furaha. Mwingine ataandika "Mbwa alitoka nje akabweka", na mwalimu ataona papo hapo amekwama pale pale alipokwama mvulana wa dawati la tatu: anajua kumwogopesha msomaji, ila ametumia kitenzi. Mtoto huyo unaweza kumuuliza, "Mbwa yupi?"