Tepu iliyonivunjikia ughaibuni

Nyumbani nilijifunza kukata hesi, zile nyuzi za kukazia bolti, kwa mkono. Mzee aliyenifundisha alikuwa na seti moja ya tepu, vyuma vyenye meno vya kukatia hesi ndani ya tundu, zile za tatu tatu: ya kuanzia, ya kati, ya kumalizia. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka usikie chenga ya chuma inakatika, tk! Ukilazimisha, anakupokonya kishikio cha kuizungushia.

Huku ughaibuni nimekuta wenye karakana ndogo wanachukua mashine kuukuu ya milingi, yaani ya kuchonga chuma, ile ya kuzungusha kwa mkono, wanaifunga mota za stepa, zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo, na kuiacha kompyuta iendeshe. Nami nikajitengenezea yangu. Cha kwanza nilichokitamani ni tepu kujikatia yenyewe. Jamani!

Nyuzi za M6 ya kawaida, hesi ya bolti ya milimita 6, zimepishana milimita 1. Spindo, mhimili wa mashine unaoshika na kuzungusha tepu, ikizunguka mara 300 kwa dakika, lazima ishuke milimita 300 kwa dakika hiyo hiyo. Mashine za viwandani zina enkoda inayoieleza kompyuta spindo imefika wapi, basi kuzunguka na kushuka vinakwenda sambamba. Yangu ilikuwa na mota ya kawaida na invata tu, kifaa cha umeme kinachoongoza mwendo wa mota. Tepu ilipofika chini, invata ikaamrishwa kugeuza, lakini mota haigeuki ghafla. Nusu sekunde ya kupunguza mwendo ni zaidi ya mzunguko mmoja, yaani zaidi ya milimita 1 kwenda chini, na tundu lilikuwa na kitako. Safari hii haikulia tk. Jioni nzima nikawa nachokoa kipande cha tepu kwenye aluminiamu; keekee ya kawaida haikiwezi.

Wenzangu wa huku jibu lao lilikuwa moja: nunua. Nunua kishikio cha tepu cha kufunga kwenye spindo, kinachocheza juu na chini, nunua enkoda. Vinasaidia kweli, na enkoda nitaifunga. Kinachonikera ni mtu kubonyeza kitufe bila kuwahi kuhisi tepu ikikaza mkononi. Hata haulizi chenga zinakwenda wapi. Tepu yenye ncha ya mshazari huzisukuma mbele, inafaa tundu lililotokea upande wa pili. Tundu lenye kitako linataka yenye mifereji iliyojisokota, inayozipandisha juu.

Ila na sisi wa nyumbani tusijisifu mno. M6 inataka tundu la milimita 5. Sisi tulitoboa 5.5 kwa kuwa ndiyo keekee iliyosalia nzima, bolti ikicheza tunailaumu bolti. Huku jedwali limebandikwa ukutani na keekee zimepangwa kwa tofauti ya 0.1. Hapo wametushinda.

Siku hizi mashine inanitobolea tu. Kipande kilichotobolewa hakitoki kwenye jiliwa iliyokibana: naweka kwenye spindo ncha yenye springi, inakandamiza mkia wa tepu isimame wima, kisha nazungusha kwa mkono. Juzi jirani wa karakana alinikuta hivyo, akauliza kama mashine imeharibika. Nikampa kishikio.