Programu ya Windows ndani ya Linux: tumwekee mgeni au tumkatalie?

Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, Oktoba 14, 2025, kompyuta za mtumba zilizojaa hapa Moshi zilibaki njia panda. Windows 11 inadai prosesa za karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na nyingi ya mashine hizi hazifikii hapo. Baadhi ya wenyewe tumewawekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na swali lao la kwanza huwa lilelile: "Kaka, programu yangu itafunguka?"

Mafundi hatukubaliani kuhusu jibu. Wapo wasemao mgeni wa Linux akatwe kitovu mapema: aandike kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, asahau ya zamani. Wengine wanamwekea Wine, inayofungua programu za Windows ndani ya Linux, siku hiyohiyo ili aendelee na kazi.

Hao wa kwanza wana hoja nzito. Wine si Windows iliyofichwa. Ni mkalimani: programu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine huligeuza ombi hilo kuwa la Linux. Kazi hiyo ilianza 1993 na toleo la 1.0 likatoka 2008, yaani miaka 15, kwa hiyo si ajabu baadhi ya programu bado zinagoma. Niliona hivyo kwa fundi mmoja wa kudarizi nembo za sare za shule. Programu yake haifunguki bila kifaa kidogo kama flashi kinachochomekwa kuwa ufunguo. Wine ilifungua dirisha vizuri, kisha ukaja ujumbe kwamba ufunguo haupo. Ulikuwepo, taa yake inawaka. Ila ufunguo ule hutegemea draiva ya Windows, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, na draiva za namna hiyo Wine kwa kawaida haiziendeshi. Tulipoteza siku nzima wakati wazazi wanasubiri sare.

Kuna hatari nyingine ambayo hatuisemi vya kutosha. Steshenari hupokea flashi za kila mtu, na virusi vingi vya flashi hujifanya folda kumbe ni faili la exe, yaani programu ya Windows. Kwenye Linux tupu, dada wa steshenari akilibofya halifanyi kitu. Ukishaweka Wine, bofya hilohilo laweza kuliamsha, na Wine kwa kawaida huionyesha diski nzima kama Z:. Virusi hapo vinaweza kufikia kila faili ambalo dada mwenyewe analifikia, zikiwemo barua na vyeti vya wateja.

Pamoja na hayo, mimi niko upande wa kusaidia. Dada mmoja wa steshenari karibu na stendi anaishi kwa picha za pasipoti, nane kwenye karatasi moja, kwa programu ndogo aliyoizoea miaka mingi. Kumwambia ajifunze GIMP, programu ya picha ya Linux, asubuhi, na foleni imefika mlangoni, ni kumfukuza arudi alikotoka. Kwa Wine ilifunguka, ikachapa. Barua anaandika kwa LibreOffice, na mistari iliyokuwa ikiruka ilitulia tulipoongeza fonti ya Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri. Hakuhama kwa siku moja, na sioni kwa nini ilazimu.

Kinachonikera ni msaada wa kubandika amri. Mgeni anapewa mistari mitano ya kunakili, mmoja una sudo mbele ya wine, naye haambiwi kwamba hapo anaipa programu mamlaka juu ya mashine yote. Kabla ya amri yoyote, muulize anafanyia nini programu hiyo. Mara nyingi anataka kufungua PDF tu, na Linux tayari inafungua. Kama ni ya kumpa riziki, ijaribuni pamoja, mpaka karatasi itoke kwenye printa, kabla hujafuta chochote.

Yule wa kudarizi nilimrudishia Windows yake. Mashine haina intaneti tena, na michoro anaihamisha kwa flashi moja isiyotumika kwa kazi nyingine.