Nani Kanituma Bagamoyo?

Haya nayaandika nimesimama. Simu nimeiegemeza juu ya friji, na mama watoto kila akipita ananitazama kwa jicho lile la kumtazama fundi aliyeahidi kuja Jumatatu akatokea Ijumaa. Kukaa siwezi. Tandiko la baiskeli limenitenda kitu ambacho viti vya daladala, kwa miaka yote niliyopanda, havikuthubutu.

Chanzo ni presha. Daktari alinipima, akaangalia mashine, akaangalia tumbo langu, akarudi kuangalia mashine. "Mzee, fanya mazoezi." Angenipa vidonge ningemeza. Angeniambia niache chumvi ningekula kwa mama ntilie. Sasa mazoezi kayatamka mbele ya mke wangu, na mke wangu hasahau kitu, hata pesa aliyonikopesha kabla hatujaoana anaikumbuka. Wiki haikuisha nina baiskeli, mtumba wa Japani, matairi membamba kama mkanda wa suruali, na tayari nimeunganishwa na wazee wenzangu wanaoendesha Jumapili.

Tuko watano. Kuna Mwenyekiti, ambaye hakuchaguliwa na mtu. Kuna Injinia, mwenye kila kifaa isipokuwa kile kinachohitajika siku hiyo. Kuna Mhasibu, ambaye hajawahi kutangulia mbele hata mara moja, si kwenye upepo wala kwenye bili. Kuna Mwalimu, mkubwa kuliko sote kwa umri. Haongei, anakanyaga tu, mpaka unaanza kumchukia mtu wa watu bila kosa. Wa tano mimi.

Huyu Mwenyekiti ana ugonjwa wake. Kila ukimuuliza tumefika wapi, anajibu, "Kilomita tano tu, mzee wangu." Tegeta, tano tu. Bunju, tano tu. Kuna siku nilimuuliza barabara hii inapimwa na serikali au anaipima yeye. Akasema nihifadhi pumzi.

Na vazi. Jamani, vazi! Kuna kaptula ya kubana yenye sponji huku nyuma, ukishuka kwenye baiskeli unatembea kama mtoto aliyejaza nepi. Mara ya kwanza kuivaa nilipita sebuleni kinyumenyume ili watoto wasinione mgongoni. Binti yangu akasema, "Baba, hata mbele si pazuri." Siku hizi natoka nimejifunga kikoi, nakivua nikishafika barabarani, gizani, kama mwizi.

Basi Jumapili iliyopita Mwenyekiti akatangaza Bagamoyo. Kutoka Mwenge ni zaidi ya kilomita 50. Kwenda tu. Kurudi hakukutaja, na mimi kwa ujinga wangu sikuuliza.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Na niseme ukweli, hakuna siku niliyowahi kuendesha baiskeli vile. Tegeta tuliipita malori ya saruji bado hayajaamka. Boko, Bunju, tukateremka mto Mpiji, tukapanda ng'ambo tukawa mkoa wa Pwani, mimi wala sihemi! Baiskeli inakwenda yenyewe. Pale Mapinga nilimpita Mhasibu nikampigia kengele. Kerege nikampita Mwenyekiti. Nilijisikia kijana wa miaka 20. Watoto waliokuwa wanachota maji walituona tunavyokwenda kasi, mmoja akamuuliza mwenzie, "Hawa wazee wanafukuzwa na nani?" Nikacheka nikazidi kukanyaga. Nilikwishaanza hata kupanga jinsi nitakavyomweleza daktari.

Mwalimu peke yake hakuwa na furaha. Alitazama majani ya minazi, yote yamelalia tunakokwenda, akatikisa kichwa. Kwa siku ile nzima hiyo ndiyo taarifa pekee aliyotupa, nasi hatukuisoma.

Bagamoyo tulikunywa supu, chapati mbilimbili, chai ya tangawizi. Mama wa pale hotelini alituangalia zile kaptula kisha kwa heshima kabisa akatuelekeza meza ya uani. Mwenyekiti naye shibe ikimpanda huwa mwalimu wa historia. Akatukumbusha Chuma na Susi: Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule ambako leo ni Zambia, hao na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu, zaidi ya kilomita 1,500, miezi kama tisa, mpaka wakaufikisha hapahapa Bagamoyo, Februari 1874. "Sasa sisi kwa kilomita hamsini tunalalamika nini?"

Nikamwambia Chuma na Susi hawakutakiwa kurudi siku hiyohiyo.

Wenzangu wakacheka. Tukapanda baiskeli, tukageuza usukani kuelekea Dar. Hapo ndipo nilipojua asubuhi ile nani alikuwa ananisukuma.

Upepo wa kusi, bwana. Mwezi wa saba, saa nne asubuhi, umeshaamka, umeshanawa uso, umeshakunywa na chai. Unatoka kusini mashariki, na Dar kutoka Bagamoyo iko wapi? Hukohuko. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote na baiskeli ikawa inaniangalia tu. Kuna mbuzi alikuwa anatembea kandokando ya barabara kuelekea njia yetu. Tulikwenda naye sambamba muda mrefu, mpaka tukazoeana.

Na mimi, aibu iliyoje, ni mjukuu wa baharia. Babu yangu alilijua jambo hili bila kwenda shule. Majahazi yalikwenda Arabuni kwa kusi na kurudi kwa kaskazi. Hakuna nahodha mwenye akili timamu aliyepelekwa na kusi halafu akasema, jamani tunyweni supu, turudi leoleo. Watu walisubiri miezi, wengine mpaka wakaoa hukohuko. Nikamfikia Mwenyekiti, nikamwambia kwa nia njema kabisa: tupange chumba hapa Bagamoyo, Desemba upepo ukigeuka tutarudi.

"Kilomita tano tu," akasema.

Zinga nikapata pancha. Kama mnataka kumlaumu mtu kwa pancha, mlaumuni John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast. Mwaka 1888 alipata hataza ya tairi la kujaza upepo, baada ya kumfungia mwanawe matairi ya namna hiyo kwenye kibaiskeli chake cha magurudumu matatu. Kabla ya hapo watu walitingishika matairi magumu mpaka meno yakalegea, lakini walitingishika wakafika. Yeye aende kutibu ng'ombe, hataki.

Chini ya mwembe kulikuwa na fundi, kijana mmoja mpole. Akalitazama tairi langu, akalibonyeza kwa vidole viwili. "Mzee, hili ni tairi au mshipi?" Akalitoa kwa mpini wa kijiko, akavuta tyubu, akaizamisha kwenye beseni la maji akiizungusha polepole, kiganja kwa kiganja, mpaka vikatoka vipovu vidogo vya hasira. Akaweka alama kwa kijiti. Akasugua kwa msasa, akapaka solushani, akaipulizia kwa mdomo kama anayepoza uji wa mtoto, akabandika kipande alichokata kwenye tyubu ya pikipiki, akakigonga kwa kitako cha nyundo. Kazi safi, dakika kumi.

Kisha akaleta pampu yake, na pampu ikagoma. Mdomo wa tyubu yangu ni ule mwembamba, wa Kifaransa. Pampu za mafundi wetu zinajua mdomo mmoja tu. Kuna kiungio kidogo cha shaba, si kikubwa kuliko kishikizo cha shati, kinamaliza ugomvi huo. Injinia anavyo vitatu. Vyote viko kwake, Kimara. Alichokuja nacho ni pampu ya mfukoni yenye urefu wa kalamu. Tukapokezana, kila mtu mara 60. Mhasibu alihesabu zake kwa sauti ya chini na nina hakika aliruka kutoka 20 kwenda 40.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka jua, nakumbuka mdomo umejaa mchanga. Nakumbuka konda akinipigia kelele dirishani, "Baba panda, na baiskeli tunabeba!" na mimi nikikaribia kulia kwa sababu ya lile neno panda.

Halafu, karibu na Kerege, upepo ukakata.

Nikainua kichwa. Mbele yangu ulikuwa umesimama ukuta. Magunia matatu ya mkaa, lumbesa, mawili ubavuni na moja juu ya keria, yamefungwa kwa mipira ya tyubu, na chini yake baiskeli ya Phoenix ambayo huioni, unaisikia tu inavyolia. Nikasogea. Kimya. Raha. Nikageuka kuwaita wenzangu na kuwakuta wote wameshajipanga nyuma yangu, Mhasibu akiwa wa mwisho, mahali pazuri kuliko pote. Injinia akaanza kutueleza kwamba ukijibanza nyuma ya mwenzio unaokoa robo ya nguvu zako au zaidi. Mwalimu, kwa mara ya kwanza siku ile, akafungua mdomo: "Nyamaza, utamshtua."

Tulikwenda hivyo kama robo saa. Yule kijana akageuza shingo, akaona wanaume watano wenye kofia ngumu na miwani myeusi wamembana. Akasimama. Tukasimama. Akaondoka. Tukaondoka. Akasimama tena.

"Shikamooni wazee. Ninyi ni maliasili?"

Tukamwambia hapana, sisi ni wazee wa mazoezi tu.

"Sasa mbona mnanifuata?"

Mwenyekiti akamweleza suala la upepo. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema maneno ambayo tangu nizaliwe sijasikia biashara ya wazi namna ile: "Sawa. Upepo nawakingia mimi. Mlima wa Mpiji mtanisukumia ninyi."

Tungefanyaje?

Kuteremka Mpiji alituacha. Breki hana, anakanyaga tairi la nyuma kwa katambuga mpaka inanuka mpira ulioungua. Tukamkuta ametusubiri chini, darajani, anadai deni lake, katulia, anafuta jasho. Tukagawana kazi. Wawili wakasukuma mkaa, wawili wakakokota baiskeli mbilimbili, na Mhasibu akawa anasema "kulia kidogo, kulia kidogo." Mimi nilikuwa gunia la kushoto. Uso wangu wote niliulaza pale, hakukuwa na namna nyingine. Magari yanapita, watu wanatoa vichwa. Jezi yangu ya njano, zawadi ya mke wangu, ilifika Bunju ikiwa na rangi ya sufuria ya kijijini.

Juu kileleni kijana akatushukuru, akatuambia tuna nguvu kwa umri wetu, akatupa namba yake ya simu endapo tutahitaji mkaa.

Nyumbani niliingia saa tisa na nusu. Mama Nasra alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Kumbe nilikuwa nimechelewa, picha ilikuwa imenitangulia. Shemeji yangu alikuwemo kwenye moja ya magari yale. Alimtumia dada yake picha yangu nimekumbatia gunia, na ujumbe mfupi: "Dada, hali imekuwa mbaya na hamtuambii?"

"Baba Nasra," akaniuliza taratibu, "gesi imeisha?"

Nikaapa sitarudi. Jumatatu nikaapa tena, wakati wa kushuka ngazi za ofisini kwa ubavu. Jumatano daktari akanipima, presha imeshuka, akafurahi, akasema niendelee hivyohivyo. Mke wangu alikuwepo. Jana Mwenyekiti ametangaza Bagamoyo tena.

Nimempigia yule kijana. Nimemuuliza Jumapili atatoka Kerege saa ngapi, na kama atakuwa na magunia matatu au mawili. Kasema matatu. Nimemwomba, kama inawezekana, aongeze la nne.