Nyumba Zijengwe Lindi, Lakini Ufukwe wa Mjini Ubaki Wazi

Kila mara mazungumzo ya mradi wa gesi asilia yanapofufuka, Lindi huanza upya kubishana juu ya ardhi, na katika ubishi huo ufukwe wa katikati ya mji ndio unaotajwa kwanza. Wapo wanaosema kwamba kipande kile cha pwani, kuanzia bandari ya zamani hadi wanakopaki wavuvi mitumbwi na mashua zao, kinapotea bure, na kwamba manispaa ingefanya jambo la maana kubadilisha matumizi yake, kukipima viwanja na kuruhusu nyumba za kuishi, tena za ghorofa, ili mji upate sura mpya na halmashauri ipate mapato. Wapo pia wanaopinga jengo lolote jipya, kana kwamba mji huu hauna watu wanaotafuta pa kulala. Mimi nataka nyumba zijengwe na nataka zijengwe katikati ya mji, ila ninaamini kwa dhati kwamba ufukwe wenyewe usiguswe kwa ajili ya makazi, na ninaomba nieleze kwa nini.

Nianze na haki ya wanaotaka nyumba, kwa sababu hoja yao si ya kubeza. Anayepanga Lindi anajua hali ilivyo: mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa hapa hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita, mara nyingine ya mwaka mzima, kabla hajapokea ufunguo, na nyumba anayoipata si ajabu ikawa mbali na kazi, maji yakitoka kwa zamu. Mji wenyewe umebanwa. Mbele kuna ghuba, nyuma kuna kilima cha Mtanda, na katikati ni ukanda mwembamba wenye soko, misikiti, maduka na ofisi. Ukikitazama kile kipande cha ufukweni kutoka Mtanda ni rahisi kudhani kwamba ndicho kiwanja pekee kilichosalia.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje hulielewa kwa shida, nalo ni subira ya muda mrefu ya watu wa hapa. Lindi ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao hayo yalipohamia Mtwara, kwenye bandari mpya yenye kina kirefu iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Tulipata mkoa wetu mwaka 1971, lakini meli kubwa hazikurudi. Ndiyo maana taarifa za kiwanda cha kusindika gesi asilia huko Likong'o, na makubaliano ya awali yaliyosainiwa Dodoma mwezi Juni 2022, zilipokelewa kwa matumaini makubwa, na ndiyo maana mtu akisema "maendeleo" mbele ya baraza la Lindi hapati mpinzani mwepesi. Ninayaheshimu matumaini hayo, kwa kuwa na mimi ninayo. Hofu yangu ni kwamba kwa kuchoka kungoja tunaweza kutoa kitu ambacho hakitarudi.

Wanaosema ufukwe unapotea bure wangepaswa kufika pale asubuhi, chombo cha dagaa kinapotia nanga. Wachukuzi huingia majini hadi kifuani na ndoo vichwani, mnadishaji husimama mchangani akitaja bei, na kabla jua halijawa kali samaki wamegawanyika: wa barafu wamekwenda kwenye pikipiki kuelekea vijijini, wa kukaanga wamebaki kwa kina mama wenye karai na mafuta palepale, na dagaa wametandazwa juani. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayeonekana katika ramani ya mipango miji, kwa sababu ramani huonyesha majengo, na kazi yao haina jengo.

Kazi ya kukalafati nayo haina jengo. Mashua huvutwa nchi kavu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapojaa, huegemezwa kwa magogo, na maji yakipwa fundi hukaa chini ya ubavu wake na nyundo ya mti na patasi butu, akishindilia pamba iliyolowekwa mafuta katika kila mwanya wa mbao, kisha chombo hupakwa deheni, mafuta mazito ya kuzuia maji, na kusubiri bamvua jingine kikielee. Kwa kazi hiyo fundi anahitaji mchanga wenye mteremko wa wastani, nafasi ya kukizunguka chombo pande zote, na uhakika kwamba hakuna mtu atakayemwondoa kazi ikiwa nusu. Nilimuuliza mzee mmoja wa kazi hiyo iwapo angekubali kupelekwa nje ya mji, mahali penye eneo kubwa zaidi. Alinijibu, "Mjomba, huko nje maji yakipwa ni tope la mikoko. Mashua utaisimamisha juu ya nini?" Sijapata jibu la swali lake, na sidhani kama mchoraji yeyote wa viwanja amewahi kuulizwa.

Kipo na kivuko cha Kitunda. Ng'ambo ya ghuba, mdomoni mwa Mto Lukuledi, wanaishi watu ambao hospitali yao, soko lao na ofisi zao ziko upande huu. Huvuka na mihogo, nazi na wagonjwa. Njia yao ya kuingia mjini ni ufukwe huohuo, na ukiuzingira kwa uzio wa nyumba za watu binafsi utakuwa umewabadilishia mlango wa mji bila kuwauliza.

Bahari yenyewe nayo ina lake la kusema. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji huu, kikaua watu na kubomoa nyumba nyingi, na wazee bado wanasimulia walivyosikia kwa wazazi wao. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokaribia, shule na ofisi za Mtwara zilifungwa na watu wa mabondeni wakaambiwa wahame. Kikaishia Cabo Delgado, Msumbiji, upande wa pili wa Mto Ruvuma, na kuacha maafa kwa jirani zetu. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua zake zilitosha kukata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa na kuwakwamisha wasafiri kwa siku kadhaa. Hatuhitaji hata kimbunga: wakati wa bamvua, mvua kubwa ikiangukia maji yakiwa yamejaa, mifereji ya mitaa ya chini haina pa kumwaga, na maji hurudi barabarani. Wanaokumbuka Hoteli ya Africana kule Kunduchi, Dar es Salaam, wanajua jinsi bahari inavyoweza kula ardhi iliyojengewa, hatua kwa hatua, hadi jengo likaachwa. Anayejenga ghorofa kwenye mchanga wa ghuba ya Lindi atataka ukuta wa kuzuia mawimbi, na ukuta huo, kama haukujengwa na yeye, utajengwa kwa fedha za wote, kumlinda yeye.

Sheria haikulifumbia macho jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaihesabu ardhi ya namna hiyo miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Mita 60 katika mji mwembamba kama wetu ni sehemu kubwa sana ya kinachozungumzwa. Najua nitajibiwa kwamba majengo ya zamani yamo ndani ya mita hizo, na ni kweli, lakini yalijengwa kabla ya sheria, na kuwapo kwake si ruhusa ya kuongeza mengine.

Sasa swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: nyumba hizo zingekuwa za nani? Kiwanja kinachotazama bahari katikati ya mji hakiwezi kuwa cha bei ya mwalimu. Kitanunuliwa na mwenye uwezo, atajenga kwa kumlenga mtaalamu wa mradi wa gesi anayelipiwa pango na kampuni, na mwalimu wetu ataendelea kupanga kulekule alikokuwa. Haya si mawazo ya kinjozi, Mtwara wameyapitia. Baada ya gesi kugunduliwa kwa wingi baharini kuanzia mwaka 2010, bei za viwanja Shangani na kwingineko zilipanda kwa kasi, watu wakajenga kwa mikopo, hoteli zikainuka. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015 na kampuni za utafiti zikapunguza shughuli, wapangaji waliotarajiwa hawakuonekana, na mikopo ikabaki na wenyewe. Kama Lindi itabadilisha matumizi ya ufukwe wake kwa kutegemea mradi ambao mazungumzo yake yamechukua miaka na miaka, inaweza kujikuta haina wapangaji wala ufukwe.

Wanaoniuliza nyumba zijengwe wapi nawajibu kwamba watembee mitaa miwili nyuma ya bahari. Yapo magofu ya maduka ya zamani ya Wahindi yenye kuta nzuri za mawe na mapaa yaliyoanguka, vipo viwanja vilivyozungushiwa mabati miaka nenda miaka rudi bila tofali hata moja, zipo nyumba za chini zinazokaa kwenye viwanja vikubwa ambavyo vingebeba ghorofa tatu bila kumzibia mtu upepo. Huko kuna barabara, kuna umeme, kuna mabomba ya maji, hata kama maji yenyewe ni ya kusubiri. Manispaa ikitaka kubadilisha matumizi ya ardhi, ibadilishe hapo: iruhusu makazi juu ya maduka, iwabane wanaohodhi viwanja, na imsaidie mwenye gofu asiye na fedha kuingia ubia na mwenye fedha. Na kwa wanaotaka nafasi kubwa zaidi, tangu mwaka 2019 sehemu ya iliyokuwa Wilaya ya Lindi Vijijini, pamoja na Mchinga, imeingizwa ndani ya mipaka ya manispaa. Hatuwezi kusema kwamba ardhi imetuishia.

Nina neno pia kwa wenzangu tunaoutetea ufukwe. Tusiutetee kwa kuupamba. Ulivyo leo hauridhishi: vyoo vya kutumika na watu wengi namna ile ni haba, taka huachwa zichukuliwe na maji, mama anayekaanga samaki hana paa wala maji safi, na baada ya magharibi giza huwafukuza wenye familia. Hali hiyo ndiyo inayowapa nguvu wanaosema eneo halina mwenyewe. Forodhani ya Unguja ilikuwa imechakaa vilevile kabla ya kukarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na leo mtu yeyote, mwenye shilingi elfu moja na asiye nayo, anakaa pale ukutani jioni na watoto wake. Haikuhitaji kuuzwa viwanja ili ipendeze. Kwetu ningeanza na paa la mnada, sakafu inayooshwa kwa urahisi, vyoo, taa, miti ya kivuli, na eneo la mafundi lililowekewa mipaka katika ramani ili asije mtu kesho akadai halikuwa na matumizi.

Gharama yake ni kubwa kwa halmashauri ndogo, silikatai hilo, na hoja ya mapato haiwezi kupuuzwa. Lakini ushuru wa samaki hukusanywa pale kila siku, na biashara za jioni zikipewa taa na usalama zitalipa kila siku. Kiwanja kikiuzwa hulipa mara moja, kisha kinachobaki ni kodi ya pango la ardhi, ambayo sote tunajua ilivyo ngumu kukusanywa.

Ninachoomba kwa madiwani wetu ni kwamba jambo hili lisipitishwe kwa tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi. Taratibu za mipango miji zinataka mabadiliko ya matumizi ya ardhi yatangazwe na wenye pingamizi wasikilizwe, na kusikilizwa kuna masharti yake. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, ukumbini, watakaohudhuria ni watumishi na madalali wa viwanja, kwa kuwa wachuuzi wako mnadani na wavuvi wamelala baada ya kukesha. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa zao hazifai na vyombo hubaki pwani. Basi mkutano uitishwe katika siku hizo za mbalamwezi, baada ya swala ya alasiri, palepale ufukweni, ramani ikiwa imebandikwa ubaoni kwa Kiswahili na mita 60 zikiwa zimechorwa mchangani kwa chokaa, na watu wa Kitunda waongezewe safari ya kivuko ya kuwarudisha kwao usiku.