Nani Kamnyonyoa Chausiku?

Kila mgeni aliyeingia uani kwetu alianza na swali lilelile: "Huyo kuku mbona yuko uchi nyuma?" Chausiku, mtetea wetu mweusi, ukimwona kwa mbele ni bibi mwenye heshima zake, amejistiri vizuri. Akigeuka, unaangalia pembeni kwa haya. Jirani mmoja mtani aliuliza kama hii ni mbegu mpya ya kishingo, wale kuku wa shingo tupu, ile ambayo shingo imehamia mkiani.

Lawama za kwanza zilimwangukia jogoo. Haukuwa uonevu mtupu, maana jogoo akimng'ang'ania mtetea mmoja kila saa, kucha humkwangua mgongo na mdomo humng'oa manyoya ya kisogo. Mama watoto, ambaye hajawahi kumpenda yule jogoo, alitoa hukumu bila kusikiliza upande wa pili. Mtuhumiwa akafungiwa kwenye boksi chini ya dirisha la chumba chetu. Kwa nini hapo, usiniulize mimi. Saa tisa usiku akaanza kudai haki zake, na mbwa wote wa jirani wakamuunga mkono. Na Chausiku, huku mshukiwa yuko rumande, akazidi kunyonyoka. Jogoo akaachiwa bila hata kuombwa radhi.

Tukahamia kwa utitiri. Wale mchana hujificha kwenye nyufa za vichanja, usiku ndipo hupanda kunyonya damu, kwa hiyo msako wao ni wa tochi. Nilipangusa kila ufa kwa kitambaa cheupe nikitafuta madoa mekundu. Nikatoka na buibui mmoja na mavi ya kuku kwenye kola ya shati. Utitiri hamna.

Ikabidi nilinde mwenyewe. Nikageuza ndoo, nikakaa kwenye kona ya banda, kimya. Mwanzoni kuku walinikagua kwa jicho moja moja, baadaye wakanisahau. Niliona ugomvi wa kawaida: mwenye cheo anamgonga wa chini yake kichwani, wa chini anapiga yowe na kukimbia, kesi imekwisha. Habari za vyeo hivyo aliziandika mtaalamu wa wanyama Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1920 (nilipolitaja jina hilo Mama watoto alidhani ni dawa ya minyoo), na kugongana huko hakumwachi mtu bila mkia.

Ndipo akaja Bi Staha.

Bi Staha ndiye kuku ambaye wageni humsifu. Manyoya yake yametimia, yanang'aa, hana kelele, hagombani na mtu. Alikuja akichakura huku na kule, hana haraka. Alipofika nyuma ya Chausiku akasimama, akainamisha kichwa, akachagua. Akashika unyoya mmoja, akauvuta polepole, akaugeuza mdomoni mpaka ukakaa kwa urefu, akaumeza kama tambi. Chausiku wala hakugeuka, alikuwa anakula. Bi Staha akajifuta mdomo ardhini, upande wa kulia, upande wa kushoto, kisha akarudi kwa unyoya wa pili.

Nilikosa hata la kusema. Anayemnyonyoa mwenzake hivi hana chuki naye. Kuku ameumbwa achakure kutwa nzima, na ukimfungia kwenye banda la kubanana, sakafu ngumu isiyo na kitu cha kupekua, mdomo wake hutafuta kazi nyingine. Tena chakula kikipungua protini, mkia wa mwenzake unageuka kitoweo, kwa sababu unyoya karibu wote ni protini. Ndiyo maana mara nyingi mwizi wa manyoya ndiye mwenye manyoya mazuri kuliko wote. Nani amnyonyoe yeye?

Nikaleta wazo la miwani. Sikulitunga: mwaka 1903 Mmarekani Andrew Jackson Jr., wa jimbo la Tennessee, alipewa hataza, yaani hati ya uvumbuzi, ya miwani ya kuku, ya kuwakinga macho wasidonoane, na baadaye ikatokea yenye vioo vyekundu ili kuku asiitambue damu. Nilieleza haya kwa ufasaha mkubwa. Mama watoto alinisikiliza hadi mwisho, akachukua simu, akanyoosha mkono wote ndipo aweze kusoma ujumbe, akaniambia, "Kuku avae miwani. Sawa, baba watoto. Kuku."

Wazo la miwani likafa pale pale.

Tukafanya yanayowezekana. Bi Staha akahamishiwa kibanda cha peke yake. Tukapanua uzio, tukamwaga maranda mengi na kurushia nafaka humo ili watu wapate kazi, tukaongeza dagaa kwenye chakula, na tukaning'iniza kabichi kwa kamba waidonoe wakirukaruka. Kabichi ile imenipiga usoni mara nyingi kuliko ilivyodonolewa, lakini tuendelee.

Tatizo lililobaki lilikuwa kidonda. Chausiku alikuwa na doa la damu kitakoni, na kuku wakiona nyekundu hawana udugu. Mwenzako akinyolewa zako tia maji, ila hawa kuku mwenzao akinyolewa wanapanga foleni ya kusaidia kunyoa, hata jogoo aliyetoka rumande juzi. Dawa yake ni ile ya maji, yenye rangi ya zambarau: inasaidia kidonda na inaficha wekundu. Hupakwa usiku, kuku akiwa mtulivu kichanjani.

Basi tukaingia usiku. Mama watoto kamkumbatia Chausiku, mimi kichupa mkono mmoja, pamba mkono wa pili, tochi nimeiuma kwa meno.

"Umehika?" nikauliza, nikimaanisha umeshika.

"Nimefika wapi?"

"Umehika kuku?"

Akacheka. Mtu akicheka mikono hulegea, na Chausiku alikuwa anasubiri nafasi hiyo hiyo. Likachomoka bawa moja, likakipiga kichupa kutoka chini kwenda juu. Dawa yote ikanijaa usoni, kuanzia pua hadi kidevu. Tochi ikaanguka, ikazima. Kuku wakashuka vichanjani wote kwa pamoja, na mmoja akatua kichwani kwangu akaona panafaa kulala.

Gizani nikasikia sauti ya mke wangu: "Imempata?"

"Nani?"

"Kuku."

Kuku ilimpata tone moja. Ilitosha, kidonda kikafunga. Upande wangu nilijaribu sabuni, limau, mafuta ya kupikia na jiwe la kusugulia visigino. Ngozi ilianza kutoka, zambarau ikabaki. Na asubuhi yake nilikuwa na miadi ya kupigwa picha ya kitambulisho, miadi ambayo ukiikosa unarudi mwisho wa foleni.

Kijana wa kamera alinitazama kwa muda.

"Mzee, futa hiyo rangi."

"Haitoki."

"Basi angalia hapa. Usicheke."

Sikuwa na mpango wa kucheka.

Chausiku sasa ameota manyoya. Bi Staha tulichelewa kumrudisha, maana unyoya mchanga una damu kwenye shina lake na ungemtia majaribuni upya. Amerudi akiwa mpole, na wenzake wamemshusha cheo.

Juzi mlinzi wa ofisi moja alikipokea kitambulisho changu mlangoni. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akairudia picha.

"Hapa ulikuwa unaumwa nini?"

"Kuku."

Akafikiri kidogo, akanirudishia kwa mikono miwili. "Pole sana, mzee," akasema, akafungua geti, akasogea hatua mbili nyuma.