Kikao cha tawi si kijiwe chenye muhuri

Ukitaja kikao cha tawi la chama cha siasa mbele ya vijana wa Ngarenaro, Arusha, au Pasua, Moshi, jibu linakuja haraka: hicho ni kijiwe chenye muhuri. Watu kumi na watano, chai, mengineyo ya muda wa saa mbili, halafu uamuzi wenyewe unashushwa kutoka juu ukiwa umeshaiva. Kwa hoja hiyo, mwenye uchungu na siasa aende kwenye mkutano wa hadhara, au afungue kundi la WhatsApp, na wazee awaachie muhtasari wao. Hoja ina ukweli wake, na nitaufikia. Lakini wanaoitoa wanasahau mlango uko wapi.

Tanzania haina mgombea binafsi. Ibara za 39 na 67 za Katiba zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa nacho, na anayetaka uenyekiti wa mtaa au kijiji anapita humohumo. Mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila aliupigania mlango wa pili kwa miaka mingi. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni la Bunge, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, ikampa haki Juni 2013, na hadi leo kura zinapigwa kwa utaratibu uleule. Kwa hiyo kijana anayesusa tawi kwa sababu hapendi siasa za chama hajaziepuka. Ataletewa majina mawili au matatu kwenye karatasi ya kura, na majina hayo yataanzia kwenye chumba alichokataa kuingia.

Mkutano wa hadhara haudharauliki. Viwanja vya NMC pale Unga Limited na Mashujaa kule Moshi vimewafundisha watu siasa kuliko madarasa mengi, na Arusha imelipa gharama kubwa kwa ajili yake: watu watatu waliuawa Januari 5, 2011 katika maandamano yaliyotokana na mgogoro wa umeya, na wanne walipoteza maisha kwa bomu lililorushwa kwenye mkutano wa chama cha upinzani cha CHADEMA viwanja vya Soweto, Juni 15, 2013. Kisheria pia mkutano una msingi mzuri. Tangu hukumu ya Jaji Lugakingira katika kesi nyingine ya Mtikila, chama hakiombi kibali. Kinampelekea mkuu wa polisi wa eneo taarifa ya maandishi, si chini ya saa 48 kabla. Katibu mzoefu huandika nakala mbili na kuhakikisha ya kwake imegongwa muhuri wa kupokelewa, ukiwa na tarehe na saa, maana ubishi wa kama taarifa ilifika humalizwa na karatasi hiyo.

Pamoja na sheria hiyo, mikutano ilizuiwa nchi nzima kuanzia katikati ya 2016 hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio Januari 3, 2023. Ni miaka sita na nusu. Katika kipindi hicho chama kilichokuwa kinaishi kwa jukwaa pekee kilikosa pa kukutania na watu wake, na kilichokuwa na matawi yanayokaa kilibaki na uhai, japo vikao vya ndani navyo viliingiliwa mara kadhaa. Mitandao haikuwa kimbilio la kudumu. Mtandao wa X, zamani Twitter, ulifungwa Mei 2025. Oktoba 29, 2025, siku yenyewe ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kundi lenye wanachama mia mbili likawa halina njia ya kuulizana hata hali, wakati balozi wa shina, yaani kiongozi wa nyumba kumi chini ya tawi, alikuwa bado anaweza kuvuka barabara na kubisha hodi.

Niliposema wasusiaji wanasahau mlango uko wapi nilikuwa nafikiria hasa siku kumi, Oktoba 11 hadi 20, mwaka 2024. Hizo ndizo zilizokuwa siku za kuandikisha wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa. Orodha hiyo ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, kwa hiyo mwenye kadi ya mpiga kura ambaye hakufika kituoni kwa siku hizo kumi hakuwa na kura Novemba 27. Serikali ilitangaza walioandikishwa ni zaidi ya milioni 31, asilimia 94.83 ya lengo. Ni namba ya kujivunia kwa waandaaji na ya kutiliwa shaka kwa wapinzani, waliolalamika kuwa vituo vingine vilikuwa na majina ya wanafunzi wasiofikisha miaka 18 na ya watu wasio wakazi.

Sasa jiulize ni nani mwenye uwezo wa kuthibitisha au kukanusha malalamiko ya namna hiyo. Mbunge hawezi. Makao makuu ya chama Dar es Salaam au Dodoma hayawezi. Mwandishi wa habari atapata majina mawili ya kupigia mfano. Anayeweza ni mtu anayejua kwamba nyumba ya nne kutoka mashine ya kusaga inakaa mama na wajukuu wawili, mmoja yuko kidato cha pili, na kwamba mpangaji wa chumba cha uani alihama mwezi wa sita. Huyo ni kiongozi wa shina, au wa msingi kwa wanaotumia muundo wa CHADEMA, na mahali pekee ambapo anachokijua kinakutana na cha mwenzake ni kikao cha tawi.

Hesabu yake si ngumu. Tawi lenye mashina ishirini, kila shina nyumba kumi, lina nyumba mia mbili. Kila kiongozi akipita nyumba zake jioni mbili na kuandika jina kamili, umri na kama mtu amejiandikisha, tawi linakuwa na orodha yake kabla ya siku ya tano. Siku ya sita linakaa, linasoma majina, linagawana wasiojiandikisha: nani atamfuata dereva wa bodaboda anayerudi saa nne usiku, nani atamsindikiza bibi asiyeweza kutembea hadi kituoni. Zinabaki siku nne za kazi. Uandikishaji ukiisha, orodha rasmi hubandikwa wananchi waikague, na tawi lina karatasi ya kuilinganisha nayo, jina kwa jina. Tawi lisilokaa lilifika kwenye ubao huo mikono mitupu, likasoma majina mia nane bila kujua la kupinga ni lipi. Pingamizi la jumla kwamba “kuna majina hewa” halifiki popote. Linalosikilizwa ni lenye jina, nyumba na sababu.

Mambo ni hayohayo kwenye fomu. Mwaka 2019 na 2024 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, na makosa yaliyotajwa yalikuwa ya aina hii: jina lisilofanana na la kwenye orodha, sehemu iliyoachwa wazi, udhamini wa chama uliosainiwa na ngazi ambayo msimamizi hakuikubali. Kikao kizuri cha uteuzi hakiishii kwenye kupiga kura na vigelegele. Kinaendelea nusu saa zaidi, fomu inasomwa kwa sauti kifungu kwa kifungu, mtu mmoja ameshika kitambulisho cha mgombea, mwingine ameshika kanuni, na hakuna anayegonga muhuri mpaka herufi za majina matatu zimelingana. “Emanueli” ya fomu na “Emmanuel” ya kitambulisho huonekana jambo dogo mpaka siku ya uteuzi.

Kalenda nayo ina mitego ambayo makao makuu hayaioni. Arusha, Oktoba bado ni msimu wa watalii. Waongozaji, madereva na wapishi wa safari wako Serengeti au mlimani, tena ndio vijana wenye kipato na usemi mitaani, Sakina na Moshono wakiwemo. Tawi lisilowafuata siku wanayorudi kubadilisha gari linawapoteza wote. Upande wa Moshi vijijini, kikao kinachojaa ni cha Desemba, Wachaga wa Dar wakiwa wamepanda nyumbani. Ukumbi unafurika, michango inamiminika, maazimio yanapitishwa kwa makofi. Lakini uchaguzi wa vijiji ni Novemba, na waliojaa ukumbini si wakazi. Tawi linalojipima kwa kikao cha Desemba linajidanganya mchana kweupe.

Nije kwa upande wa pili. Hoja yake nzito kuliko zote ni matokeo. Mwaka 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa na vijiji. Mtu anauliza: kama fomu iliyojazwa vizuri nayo ilikatwa, na rufaa zikaamuliwa na mfumo uleule, nusu saa ya kusoma herufi imesaidia nini? Swali ni halali, na sina jibu litakalomridhisha aliyekatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba fomu isiyo na kosa humlazimisha anayekata aandike sababu isiyo na mashiko, na sababu iliyoandikwa hubaki. Ni faida ndogo, nakubali. Isitoshe, kikao cha ndani nacho hakina kinga: Juni 2025 Mahakama Kuu iliizuia CHADEMA kwa muda kufanya shughuli za kisiasa, katika kesi ya mgawanyo wa mali kati ya Bara na Zanzibar, na amri ya namna hiyo haichagui kati ya uwanja na chumba.

Ndani ya chama tawala malalamiko ni mengine: wajumbe wanapiga kura za maoni za kumpata mgombea, vikao vya juu vinarudisha jina la mwingine. Mwaka 2025 CCM ilipanua idadi ya wapiga kura wa maoni hadi kuwafikia viongozi wa matawi na mashina. Wajumbe wakiwa mia kadhaa, mwenye fedha anaweza kukaa na kalamu akapiga hesabu ya bahasha. Wakiwa maelfu hesabu inakuwa ngumu. Wenye kuona mbali wanasema fedha zimesambaa tu hadi shinani, na ukisikia bei za “nauli” zinazotajwa wakati wa kura huwezi kuwapuuza. Uamuzi wa mwisho umebaki juu vilevile. Hata hivyo mjumbe wa tawi la Kiboriloni aliyekuwa mpiga makofi sasa anafuatwa nyumbani kwake na kuulizwa anataka nini, na akiwa amekaa vikao anajua la kujibu zaidi ya fulana.

Posho ndiyo kidonda chenyewe. Mahali palipozoeshwa kulipa, siku isiyo na posho akidi haitimii. Tiba inayofanya kazi ni chungu: kikao kifupi, karibu na watu, kwa saa inayowafaa. Jumapili saa tisa alasiri huwapata waliotoka ibadani, lakini huwakosa kina mama wa Soko la Kilombero na wauza ndizi ambao siku yao haijaisha. Matawi mengi yana wanawake wengi kwenye daftari la wanachama na wachache kwenye viti, kisha yanashangaa kukosa wagombea wa nafasi za wanawake kwenye kamati ya mtaa. Saa kumi na moja jioni siku ya kazi, kikao kisizidi dakika tisini, hubadilisha sura ya ukumbi kuliko hotuba yoyote ya usawa.

Dakika tisini zinatosha kama ajenda hazizidi tatu. Daftari la mahudhurio liwe mlangoni: jina, namba ya kadi, shina, simu, saini. Kwanza akidi itangazwe, maana azimio lililopitishwa bila akidi huangushwa na mtu yeyote aliyekasirika. Kisha muhtasari uliopita usomwe na kuthibitishwa, na yatokanayo yachukue muda mrefu kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo mtu anaulizwa mbele ya wenzake: ulisema utawafuata wapangaji wa nyumba tatu, umewafuata? Matawi yanayokufa hugeuza utaratibu huo. Yatokanayo dakika tano, mengineyo saa nzima, na kwenye mengineyo ndiko majungu na salamu za waheshimiwa huingilia. Mwenyekiti anaweza kuzuia hilo kwa kudai hoja za mengineyo zitajwe mwanzoni, kabla ajenda hazijathibitishwa.

Tena kuna suala la daftari lenyewe. Katika matawi mengi linakaa nyumbani kwa katibu. Katibu akihamia chama kingine, akipata kazi Mirerani au akigombana na mwenyekiti, linaondoka naye, na pamoja nalo majina ya wanachama, ada zilizolipwa na maazimio ya miaka minne. Nakala ya pili ya kila muhtasari ipelekwe kata ndani ya wiki, na ya mahudhurio ipigwe picha siku hiyohiyo kwa simu mbili tofauti. Uchaguzi wa mitaa unaofuata ni 2029, na kati ya leo na mwaka huo kila tawi litakuwa limebadilisha katibu angalau mara moja.