Nguzo za Saint-Guilhem: aliyezipora ni nani hasa?

Ukiingia ua wa ndani wa abasia (nyumba ya watawa) ya Saint-Guilhem-le-Désert, kusini mwa Ufaransa, unakuta pengo. Ghorofa ya juu ya ukumbi wa nguzo haipo. Sehemu kubwa ya nguzo zake ziko New York, katika jumba la makumbusho la The Cloisters. Kwa nini basi zisirudishwe?

Wanaotaka zirudi wana hoja. Abasia hii ilianzishwa mwaka 804 na Guilhem, jamaa wa mfalme Charlemagne, jemadari aliyeweka silaha chini akavaa joho la utawa. Mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania, walipita hapa kuzuru kaburi lake. Jiwe lililochongwa kwa ajili ya bonde lile, leo likae Manhattan chini ya paa la kioo? Limepungukiwa kitu, silibishi.

Kinachonikera ni hii hadithi ya Mmarekani mporaji. George Grey Barnard, mchongaji, alizinunua mwanzoni mwa karne ya 20, hakuzing'oa yeye. Wafaransa wenyewe walishaiuza abasia kwa mnada wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Ndani kukasokotwa pamba, kukatengenezwa ngozi, na mawe yakachukuliwa kama ya machimbo. Nguzo tunazozigombania ziliangukia Aniane, mji jirani, kwenye bustani ya hakimu mmoja, zikabeba chanja la mizabibu.

Hebu itazame bustani hiyo. Vichwa vya nguzo vimetobolewa kwa keekee mpaka majani ya mawe yanafanana na lesi, na juu yake zabibu halisi zinaning'inia. Wengi huona kufuru. Mimi naona bahati: kinachobeba mizabibu hakuna anayekivunja apate kifusi. Mawe mengine ya abasia hayakupata kazi nzuri hivyo.

Sheria madhubuti ya Ufaransa ya kulinda majengo ya kale ilikuja Desemba 1913, miaka zaidi ya 100 baada ya mnada. Mwaka 1925 fedha za tajiri Rockefeller zikaiwezesha Metropolitan, makumbusho ya New York yanayomiliki The Cloisters, kununua mkusanyo wa Barnard, na jumba la sasa la The Cloisters likafunguliwa 1938.

Kijiji chenyewe, chenye wakazi wapatao 250, kinafurika wageni kila kiangazi, pengo likiwapo. Mimi ningeridhika na nakala nzuri pale uani, na kibao kinachotaja mnada kwanza, kisha mizabibu, Barnard akaja wa tatu.